Nyama Niliyoichemsha

Nemba, usiku wa kuamkia safari yako

Deo mwanangu,

Sianzi na salamu. Salamu hupelekewa mtu aliye mbali, na wewe bado uko chumba cha pili, nakusikia unavyokoroma, umerithi kwa wajomba zako wa Ngara. Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako. Uisome kabla hujatoka chumbani, maana leo mchana, ulipokwenda Bisibo kuwaaga kina shangazi, kuna jambo limetokea hapa nyumbani, na nataka ulijue kabla hujaonana na baba yako.

Utauliza kwa nini sikukuambia ulipoingia. Nilitaka. Lakini uliniamkia ile shikamoo ya mdomoni tu, ukala maharage umeinamia sahani, ukasema "nimechoka mama," ukaenda kulala. Na mimi nikisema kwa mdomo najijua. Nitaanza katikati, nitalia, halafu utaniambia "basi mama, yameisha," kumbe hayajaisha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Sitakuambia habari za sweta wala za kupiga simu ukifika. Wewe ni mtu mzima, baridi ya Arusha utaisikia mwenyewe mgongoni. Nataka kuongea habari za nyama. Ndiyo, nyama ileile.

Tangu umalize chuo cha hoteli na kupata hiyo kazi, baba yako alikuwa anatembea kifua mbele. Mpaka siku ulipomwonyesha kwenye simu ile picha ya steki iliyokatwa katikati, nje imekuwa kahawia, ndani nyekundu. Ulidhani utamfurahisha. Nilikuwa nimekaa palepale nachambua mchele, nikaona uso wake unavyobadilika. Akauliza, "Hii ndiyo kazi yenyewe?" Ukasema ndiyo, ndicho wageni wanachotaka. Akakurudishia simu kama mtu anayerudisha kitu kichafu. Akasema, "Damu ni uhai, haiendi mdomoni. Mkono wangu siuweki kwenye kichwa cha mtu anayekwenda kulisha watu damu."

Wewe unajua, na mimi najua, uzito wa neno hilo. Baba yako ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Kijana yeyote wa hapa Nemba anayekwenda jeshini, shule, hata kuchimba dhahabu, huletwa barazani kwetu asubuhi, baba yako anamwekea mkono kichwani na kumwombea safari. Watoto wa watu amewaombea. Wa kwake mwenyewe amemkatalia.

Ndiyo maana Ijumaa ulikwenda Biharamulo mjini ukarudi na sarara, ile nyama laini ya mgongoni, kipande kizima. Ukaipaka chumvi, ukamwomba Mama Asha jirani nafasi kwenye friji anayogandishia barafu za kuuza, ukaiweka juu ya waya, wazi, bila kuifunika. Ukatuambia isiguswe. Jumapili ukitoka misani utampikia baba mwenyewe, umkatie mbele ya macho yake, aone kwamba si damu. Nilikusikia. Nakiri kwamba nilikusikia vizuri kabisa.

Jumamosi jioni nikaenda kwa Mama Asha kuchukua barafu. Nikafungua friji, mama yangu! Nyama imekuwa nyeusinyeusi, kingo zimekauka kama soli ya kiatu. Nikaibonyeza, ngumu. Mama Asha akachungulia begani kwangu, akasema, "Mama Deo, hii mbona kama inaanza kuondoka?" Nikasema inaondoka kweli. Wewe ulikuwa mpirani. Basi nikaibeba.

Nikaiosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ndimu juu. Nikaikatakata, nikaitia majani ya mpapai, nikaiweka kwenye sufuria kubwa, nikachochea kuni. Ilichemka mpaka nyuzi zikaachana zenyewe. Nikaunga nyanya na vitunguu. Nilikuwa naimba, Deo. Nilijiona nimeiokoa nyama ya mwanangu.

Jumapili ukavaa ile aproni mpya, ukachukua koleo lako, ukaenda kwa Mama Asha, ukarudi mikono mitupu. Nikakufunulia sufuria huku nacheka. Hukupiga kelele. Uliuliza tu, "Mama, umeiosha?"

Nikasema, "Sasa tangu lini nyama haioshwi?"

Ukakaa kizingitini ukavua aproni. Na baba yako, Mungu amsamehe, akala sahani mbili. Akasema, "Hii ndiyo nyama. Hata asiye na meno anakula. Kama mama yako anapika hivi bila cheti, huko Arusha unakwenda kupika nini kingine kama si hiyo damu?" Ukaondoka mezani, na tangu hapo mnasalimiana na kupishana kama wapangaji.

Hilo lingeweza kupita. Lililonikaa ni lile ulilomwambia Mama Asha nje, hukujua niko nyuma ya ukuta naanika kanga. Ulisema, "Mama hataki niende, ndiyo maana kaichemsha."

Yewe, mwana wanje, mwanangu mimi! Nilishika kanga ile mpaka mikono ikauma. Ningejua ni uongo ningetoka nikakukemea. Ningejua ni kweli ningetoka nikakuomba radhi. Shida yangu ni kwamba sijui. Nimekaa na neno hilo tangu Jumapili, nimeligeuza huku na huku, na mpaka sasa ninavyoandika sijui kama mikono yangu iliogopa nyama kuoza au iliogopa chumba chako kuwa kitupu. Wewe huwa na jibu la kila kitu. Hili usinijibu.

Ngoja nikueleze nilivyoijua nyama mimi, labda wewe utaelewa kuliko ninavyoelewa mwenyewe.

Kwetu Ngara nilipokuwa mdogo, moto wa kubanika nyama ulikuwa wa wanaume. Ng'ombe akichinjwa kwenye harusi, wao wanabaki kulekule nyuma na vijiti vyao, wanacheka, wanakula ya motoni. Sisi wanawake tunaletewa ya kupika. Kwa hiyo mimi mpaka leo mchana sikuwahi kuweka nyama juu ya moto bila maji. Usicheke. Mtu mzima, dada yangu ana wajukuu, na mimi sikuwahi.

Halafu kuna kaka yangu, mjomba wako aliyetangulia. Alikuwa anapenda kwenda kule kwa wanaume, wanampa vipande vya haraka, vibichivibichi. Akapata tegu. Nilimwona mama anavyomtibu, siwezi kuandika yote kwenye karatasi ambayo labda utaisomea karibu na chai. Bwana afya akaja shuleni kwetu akatuambia nyama ichemke mpaka iive kabisa, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika maneno. Nikashika. Kwa hiyo mtu akiniambia ndani iwe nyekundu, naona kitanda cha kaka yangu. Wewe uliponieleza kwamba nyama yenye muhuri wa mkaguzi ni nyingine, na kwamba huko hotelini ina utaratibu wake, nilikuitikia ndiyo, ndiyo. Lakini nilikuwa naitikia tu. Na bado sijui nani ana haki hapo, wewe au bwana afya. Labda wote wawili, na hapo ndipo akili yangu inapogota.

La tatu ndilo linalonichanganya zaidi. Nilipoolewa hapa, nyama ya kwanza niliyompikia bibi yako mzaa baba ilikuwa ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri ileile kwa ajili yangu. Nyama ya moto, bado inatetemeka, kila mtu anasema bahati iliyoje. Nikaipika nusu siku. Ilikuwa mpira, Deo. Bibi yako alitafuna, akatafuna, akaitoa mdomoni polepole akaificha nyuma ya kigoda ili nisione. Niliona. Hakunisema hata siku moja mpaka anaingia kaburini, na mimi siku ile niliapa kwamba katika nyumba hii nyama ngumu haitaingia mdomoni mwa mtu tena. Nikajifunza majani ya mpapai, nikajifunza magadi, nikajifunza kuamka mapema kwenda bucha kugombania ile ya asubuhi kabisa, maana si tunajua wote, nyama mpya ndiyo nyama?

Halafu wewe mwezi uliopita, umekaa hapo unamenya ndizi, unaniambia bila hata kuniangalia, "Mama, nyama ya ng'ombe aliyechinjwa muda huohuo huwa inakaza. Inatakiwa itundikwe mahali pa baridi ilegee. Chuoni tulikuwa tunaisubiri siku kadhaa." Ukaendelea kumenya ndizi. Ulidhani umenifundisha jambo la jikoni. Kumbe umenifungulia mzigo wa tangu ubibiharusi. Yaani haikuwa mkono wangu? Yaani hata mama mkwe mwenyewe angeipika siku ile ingekaza vilevile? Nilitamani kumfukua nimwambie.

Nilitakiwa nifurahi, lakini nilikasirika. Kama hilo nililiamini kinyume maisha yangu yote, mangapi mengine?

Sasa nije kwenye leo.

Uliposhika njia ya Bisibo na baba yako yuko migombani, nikaenda bucha kwa Masanja. Nikamwambia nataka sarara ya jana, iliyolala imetundikwa. Masanja akaacha panga juu ya gogo. "Mama Deo, kila siku unanigombeza nisikuchanganyie ya jana. Leo unataka kiporo?" Wanaume waliokuwa wanasubiri supu wakacheka. Nikamwambia, "Nipe, na muhuri nauona wapi?" Akanionyesha. Kwanza alitaka kunikatia pajani, akidai steki ni steki ilimradi haina mfupa. Nikasema nataka ya mgongoni, ukate nene kama vidole viwili hivi. Akasema, "Mwanao amekuharibu." Nikamwambia labda.

Nyumbani nikajaribu kukumbuka yote uliyosema. Usiioshe. Deo, hapo ndipo palikuwa pagumu! Mikono yangu ilikwenda kwenye ndoo yenyewe, nikairudisha. Nikaikausha na kitambaa safi kama ulivyosema, kwamba ikiwa na maji itachemka badala ya kuungua rangi. Chumvi nikapaka mapema, kisha nikaifunika kwa kawa nzi wasiiguse, nikawa naizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Kwenye sahani pakachuruzika maji mekundu. Nikayatazama maji yale, na roho ikaniambia, baba yako ana haki, hii si damu hii?

Nikakaa chini. Ulisema damu humwagika yote ng'ombe anapochinjwa, na yale mekundu ni maji ya nyama yenyewe, yana rangi yake. Sawa, umesema wewe. Lakini wewe umesoma kwenye daftari, na baba yako haamini madaftari. Nikawaza, mimi mwenyewe nimeshika mabeseni mangapi wakati wa kuchinja mbuzi? Damu inakaa muda gani kabla haijaganda? Hata hujamaliza kufunga kanga, imekuwa kama maini. Nikayamimina yale maji kwenye kisahani cha chai, nikakiweka dirishani, nikakifunika. Nikasema kama ni damu, itajisema.

Jiko la mkaa nikalikoleza, nikaweka kile kikaango kizito cha chapati, nikakiacha mpaka kikatoa moshi. Nikaweka kipande cha kwanza. Mlio wake! Nikaruka nyuma. Mama Asha akapiga ukelele ng'ambo, "Kuna nini huko kwenu, nyumba inaungua?" Nikamwambia aje aone. Tukasimama wawili tunaangalia. Mimi nikaanza kuing'oa niigeuze, ikanata, ikachanika. Nikaogopa itakuwa mbichi, nikaikandamiza na mwiko, maji yote yakatoka, ikawa inaogelea. Nikaiacha zaidi kwa hofu. Mwisho wake nje ikawa mkaa na ndani ikawa sijui nini. Mama Asha akaionja kwa heshima, akatafuna mpaka machozi. Akasema, "Ina ladha." Hilo ndilo tulilokubaliana, kwamba ina ladha.

Cha pili nikajizuia. Niliikunja mikono nyuma, nakuapia, nikaikunja kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Nikaiacha bila kuisogeza, na kweli ilipofika wakati wake ikaachia yenyewe, nikaigeuza. Ulisema mpishi mkuu mmoja chuoni alifundisha kwamba moto mkali unafunga maji yasitoke ndani, na mwalimu mwingine akasema huo ni uzushi, moto mkali ni wa ladha na rangi tu, maji yanatoka vilevile. Mimi nilichoona ni kwamba maji yalitoka. Sasa sijui kama nilikosea mimi au alikosea mkuu. Ukifika huko uwaulize, lakini uliza kwa adabu, wapishi wakubwa nasikia wana hasira.

Nilitaka iive mpaka ndani, tuelewane. Sikutaka kumdanganya baba yako wala kumtega. Moto nikaupunguza, nikaiacha zaidi ya unavyotaka wewe. Kisha nikaitoa na kuiacha ipumzike kama ulivyosema. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa. Chakula kimeiva, kina moto, mwenye njaa yupo, eti kiachwe kikae. Baba yako akaingia wakati huo, na jembe begani, akakuta wanawake wawili wamekaa wanaiangalia nyama kama wanalinda maiti.

"Mama Deo, hii ni nini?"

"Ni nyama. Kanawe."

Mama Asha akaaga haraka, ana akili yule. Nikaikata kwa kukatiza nyuzi, si kwa kuzifuata, na ndani haikuwa nyekundu, ilikuwa na wekundu wa mbali tu katikati, kama aibu. Na kwenye sahani, palepale ilipopumzika, maji yalikuwa yamechuruzika, mekundumekundu. Baba yako akayaona. Akasukuma sahani.

Sikubishana. Nikaenda dirishani nikaleta kile kisahani cha chai. Nikakiinamisha mbele yake, maji yakakimbia huku na huku kama maji. Nikamwambia, "Haya yametoka kwenye nyama hii tangu saa tatu. Wewe umechinja mbuzi kuliko mtu yeyote hapa Nemba. Niambie kama ni damu."

Akakishika. Akakiinamisha mwenyewe. Akatia kidole, akasugua na dole gumba. Deo, baba yako alikaa na kisahani kile muda ambao ningepika ugali. Mara akasema, "Haijaganda." Si kwangu, alikuwa anajiambia. Nikamkumbusha tu kwamba mama yangu kule Ngara husimulia zamani wazee walitoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe, damu ikapikwa ikaliwa, na hao ndio babu zetu. Hapo nikakosea, akanijia juu: "Hayo yalikuwa kabla ya dini!" Nikajuta kufungua mdomo. Nusura niharibu kwa mara ya pili.

Lakini akavuta sahani. Akachukua kipande cha pembeni, kilichoiva zaidi. Akatafuna. Nilikuwa naangalia taya lake kama nilivyoangalia la mama yake miaka ile, kama litasimama, kama mkono utakwenda nyuma ya kigoda. Akameza. Akachukua cha pili, cha katikati kidogo. Hakusema ni tamu. Usitegemee hilo, baba yako hajawahi kusema kitu ni tamu tangu nimemjua, hata siku ya harusi yetu alisema "inatosha."

Akaniuliza, "Huko aendako, mtu asiyetaka nyekundu anafanyaje?"

Nikamwambia ulivyonieleza, kwamba mhudumu anamwuliza mgeni kwanza, na anayetaka iive kabisa anapikiwa ikaiva kabisa.

"Hata akiwa mzee wa shamba?"

"Mgeni ni mgeni, Baba Deo."

Akamalizia nyama yote, mimi sikuachiwa hata kipande. Halafu, huku anafuta mikono, akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Basi hata mimi nikifika kwa Deo nitakula."

Kwa Deo, alisema. Hakusema hotelini, wala Arusha.

Nilitoka nje nikajifanya nafuata kuni. Mama Asha aliniona nalia, akadhani ni moshi, nikamwacha adhani hivyo.

Mwanangu, natafuta la kukushauri hapa na sipati la uhakika. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukuharibia jambo lako huku anaimba kwa furaha, na kwamba huyo mtu anaweza kuwa mama yako. Nimejifunza pia kwamba niliyojilaumu nayo hayakuwa yangu yote. Lakini ukiniuliza nyama ipikwe vipi, kesho nikipika yangu nitaiosha tena, najijua, mkono umeshazoea. Ukija likizo upike wewe, na mimi nitakaa mbali na ndoo. Na akija mgeni akataka yake iive mpaka ikauke, usimdharau, Deo. Wenzako wa jikoni watamcheka. Pengine alikuwa na kaka.

Ile ya "mama hataki niende," nimekwambia sijui. Lakini nilichokifanya leo nilikifanya kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, na Masanja ni shahidi.

Sasa vaa viatu. Baba yako hakulala na mimi chumbani, amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni, anasema anaogopa utaondoka kimyakimya bila kumwamsha. Mwamkie. Usimweleze habari za nyama hata moja, usimwambie ulikuwa na haki. Piga magoti tu, ameshaniuliza mara mbili kama kichwa chako bado unakinyoa.

Mama yako